Kisanduku cha Kumi na Nne

Nimerudi Tabora na dodoso la kurasa sita,
kalamu mbili, barua ya chuo yenye muhuri,
na jina la shahada ambalo mama, akiulizwa msibani,
hulikatia njiani: "Anasoma ubunifu…
ubunifu wa mambo."

Likizo ya mwaka wa pili. Mhadhiri kasema
nendeni mkapime. Utamaduni ni uchumi,
usiopimwa haumo kwenye bajeti.
Niliiandika sentensi hiyo kwa wino mwekundu.
Bado naiamini. Nusu.

Nikamchagua Baba Mdogo Lugusha, mchora vibao, Isevya,
kibanda cha mabati nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga,
makopo ya rangi yaliyoota ngozi juu kama uji uliopoa,
brashi tatu zimelala ndani ya mafuta ya taa,
na ya nne, ya manyoya ya mkia wa mbuzi,
ile ya kope. Ile ya kope haiazimwi.

Jina la biashara?
"Watu huniita tu, we fundi."
Mtaji wa kuanzia?
"Mlango wa kabati. Bibi yako alinichapa."
Idadi ya waajiriwa?
Akatazama kushoto, akatazama kulia,
akamnyooshea brashi jogoo wa jirani.
Niliandika sifuri.

Bei ya kibao elfu ishirini na tano,
na kunyolewa bure mpaka rangi ipauke.
Jedwali langu halikuwa na safu ya kunyolewa bure.
Nikaichora pembeni, kwa rula.

Sasa, Tabora nzima inamjua yule kijana.
Kinyozi wa Kachoma anaye, wa Cheyo anaye,
Ng'ambo wako wawili, wanatazamana, barabara inapita kati yao:
panki iliyonyooka kama meza,
jicho la kushoto dogo kuliko la kulia,
kama mtu anayedaiwa na huku anataka kucheka.
Wachora vibao wengine wamemwiga hadi jicho.
Nzega nimemkuta. Urambo wamemvisha miwani.
Mwaka jana, Kariakoo, yuko kifuani mwa fulana,
elfu kumi na tano, na mimi nikasimama
kama niliyeitwa kwa jina la nyumbani
na mtu nisiyemjua.

Kwa hiyo swali la kumi na nne nilikuwa nalisubiri.
Mmiliki wa ubunifu ni nani?
Nilikuja na hotuba yangu: hakimiliki, mirabaha,
fomu ya kudai, ofisi ya kuipeleka.

Baba Mdogo alilifunga kopo la nyeusi,
akakigonga kifuniko kwa kiganja, mara mbili.
"Kumbe hukumjua? Baba yako huyu.
Asubuhi ile anapanda treni ya Mpanda
nilimwambia tulia, nikuchore kwenye boksi hili la sabuni.
Akasema fanya haraka.
Nikaanza na jicho la kulia.
La kushoto nililimaliza behewa limeshaanza kwenda."

Nilikuwa na miaka miwili.
Nyumbani hakuna picha yake hata moja,
mama alizichoma au hazikuwepo, hatuulizi.
Na mimi miaka yote ya shule nimepita chini yake,
nimejibanza mvua pale, nimekula maembe pale,
siku moja nikamlenga kokwa usoni
tuone nani kati yetu ana shabaha.

"Na hawa wanaomwiga?" nikauliza,
maana dodoso lilikuwa bado mkononi.

"Waache. Wakiwa wengi
huenda siku moja akajiona."

Jedwali nimelipeleka chuoni. Waajiriwa, sifuri.
Mapato ya mwezi, makadirio.
Ile safu ya pembeni mhadhiri ameisifu.
Kisanduku cha kumi na nne amekizungushia duara,
akaandika neno moja, Jaza.

Jana nimeinunua ile fulana.
Saizi yangu haikuwepo.