Mkia wa Jina

Isfara, Jumanne. Basi ni Alhamisi.
Mimi na Mehrangiz, mwenye miaka kumi na miwili,
tunapasua aprikoti za kuanika,
kokwa huku, nyama huku,
na katikati yetu kitabu chake cha shule, kimenata utamu.

Kuna herufi moja imenishinda.
Hutoka kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo
akakataa kulia.
Mehrangiz acheka hata kisu champonyoka.
Mzee Qurbonali, askari wa enzi zile,
anifundisha kutoka ng'ambo ya ukuta, bila kuombwa:
Simama! Geuka kulia!
na tusi moja asilotaka kulifasiri.
Nimeliandika. Safari ni ndefu.

Wana kitenzi cha kwenda kwa miguu
na kingine cha kwenda kwa chombo.
Ukikosea, asema mtoto,
watadhani umetembea toka hapa hadi Yekaterinburg.
Na wadhani.

Jana usiku nikamuuliza lile la simu.
Miezi minne sasa: namba ya bweni la wajenzi,
sauti ya mwanamke, redio nyuma yake,
"Firdavsa nyet,"
kisha mlio wa simu iliyokatwa.
Nyet naijua, nani asiyeijua?
Ila mwanangu si Firdavsa. Mwanangu ni Firdavs.
Nikajipoza: wamemtaja mwana wa mwingine.

Mehrangiz akafuta mikono kwenye gauni.
Kwa Kirusi, shangazi, mtu akiwa hayupo
jina lake huota mkia.
Firdavs yupo. Firdavsa hayupo.
Ndiyo kanuni. Ukurasa wa arobaini na moja.

Sikujibu. Kokwa zikagonga beseni.
Lugha gani hii,
hata pengo la mtu hulishonea pindo?

Leo alfajiri kaja mbio, kiatu mguu mmoja,
kitabu kifuani: hakunimalizia, kumbe.
Mkia ule ule, shangazi, tazama,
ndio huo huo ukisema namtafuta,
ndio huo huo ukisema namwona.
Ya ishchu Firdavsa.
Ya vizhu Firdavsa.

La kwanza nimelishika; nalisema hata usingizini.
La pili sijalijaribu kwa sauti.
Nimelifunga kwenye pembe ya leso, pamoja na nauli.