Zamu ya Mfongo

Mimi ni mpiga chapa tu. Masjala, mlango wa tatu,
feni moja, madirisha mawili, moja halifungi.
Nimepiga chapa talaka, mipaka ya vihamba,
ng'ombe aliyeuzwa mara mbili Soko la Kiboriloni,
na kila neno lilikuwa la mtu mwingine.

Shauri hili lilikuja kwa bahasha ya kaki:
Ndekirwa Kileo, muuguzi, mkazi wa Oslo,
miaka kumi na tisa ng'ambo, pasipoti yetu mfukoni,
anaomba karatasi ya kura.
Hakuomba nauli. Hakuomba cheo.

Alikuja mama yake, Bi Aikande, kutoka Kibosho,
viatu mkononi kwa sababu ya matope.
Akavivaa kwenye ngazi za Mahakama,
akaketi mstari wa mbele
kama aliyekuja kusikia ndoa ikitangazwa.

Wakili wa Serikali alikuwa na sauti nzuri.
Alisema: asiyekanyaga tope hajui utelezi.
Alisema daftari la wapiga kura si kitabu cha wageni.
Alisema mbali ni mbali.
Nikapiga chapa. Vidole havina upande.

Jalada, ukurasa wa arobaini na moja:

*Jaji:* Mama, mwanao anaujua utelezi wa huku?
*Shahidi:* Wa njia, au wa mfongo?
*Jaji:* Mfongo ni nini?
(Jaji Sikazwe ni mtu wa Sumbawanga.)
*Shahidi:* Mfereji. Waliuchimba babu zetu.
Kuna siku ya kuuzibua. Anayekuja na jembe ana zamu ya maji.
Asiyeweza kuja anatuma mtu, au analeta mbege ya wachimbaji,
naye ana zamu.
*Jaji:* Na mwanao?
*Shahidi:* Tangu aondoke hajakosa siku hata moja.
*Jaji:* Na zamu yake?
*Shahidi:* Ipo. Usiku wa Jumanne maji yanaingia kwake.
Hakuna mtu, lakini migomba inakunywa.

Hapo niliacha mstari mmoja mtupu.
Upo mpaka leo. Hakuna aliyeuliza.

Jumatatu simu ya mezani iliita. Nilikuwa ndani na rasimu.
Jaji alisikiliza, kalamu hewani.
"Nimekusikia, mheshimiwa."
Hakusema nimekubali.
Kisha akaulaza mkono wa simu kando ya chai,
ukawa unavuma peke yake kama nyigu chupani,
akaniambia:
"Aya ya kumi na sita. Weka nukta pale, si mkato."

Jumatano ikaja barua ya uhamisho.
Kituo kipya, kuanzia Ijumaa.
Ijumaa ndiyo iliyokuwa siku ya hukumu.

Alhamisi, saa mbili kasorobo asubuhi,
kabla maji ya mama lishe hayajachemka,
majaji wote watatu waliingia, majoho yananukia pasi.
Wakili wa Serikali alikuja mbio, tai imepinda.
Mlima ulikuwa umejifunika, haukutaka kuwa shahidi.

Wawili walisema ana haki.
Mmoja alisema hana, kwa adabu, kurasa sita.
Nilizipiga chapa zote, zake kwa uangalifu zaidi,
maana naye hakuna aliyemwandikia.

Hakuna aliyepiga makofi.
Kabla ya adhuhuri ilani ya rufaa ilikuwa mezani pangu.
Jaji alibeba kikombe chake, kamusi,
na kalenda ya benki iliyobaki miezi minne.

Bi Aikande akaja dirishani. Nakala ni shilingi ngapi?
Alihesabu noti zilizokunjwa mara nne.
Nikagonga muhuri. Akaupuliza wino ukauke,
polepole, kama mtu anayepoza uji wa mtoto.

"Ushindi, mama?" nikauliza, na si kazi yangu kuuliza.

"Nitamwambia maji yamefunguliwa kule juu," akasema.
"Kwetu bado hayajafika."

Akashuka ngazi tatu.
Akavua viatu.