Tochi Ng'ambo ya Ziwa

Machi, na theluji bado imeng'ang'ania dirishani.
Juu ya meza ya jikoni, kati ya bakuli la supu ya njegere
na bili ya mafuta ya kupashia nyumba,
nimetandaza kambi saba.

Saba. Zote zina ziwa. Zote zina mtoto
aliyeruka majini na hajafika bado,
mdomo wazi, miguu hewani,
na zote zinaahidi kunirudishia mtoto mwingine,
anayejiamini zaidi.
Mimi nawataka walewale.

Théo na Corinne, miaka kumi na mmoja.
Walipishana dakika tisa kuja duniani,
na tangu hapo hawajapishana tena.
Hapa Lewiston, ghorofa ya tatu, chumba chao ni kimoja,
kimegawanywa kwa pazia la shuka lisilofika chini.

Kambi ya kwanza ni ya wavulana watupu,
ina tarumbeta ya alfajiri na mizinga ya nyuki.
Ya pili ni ya wasichana watupu, farasi kumi na wanne;
bei yake niliisoma mara mbili
nikakilaza kijitabu kifudifudi, kama karata mbovu.

Mchagua nazi hupata koroma, najua.
Lakini mimi nilishachaguliwa mara moja.

Nilikuwa na miaka tisa. Parokia ilitulipia.
Kaka yangu Normand walimpeleka mashariki mwa ziwa,
mimi magharibi, kwa watawa.
Katikati maji, meusi kama chai iliyosahauliwa.
Saa tatu usiku, taa zikishazimwa,
tochi yake iliwaka mara tatu.
Yangu nayo, mara tatu.
Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu.
Usiku wa kumi na moja haikuwaka.
Asubuhi wakaniambia: betri zimekwisha tu.
Tu! Nami nilikuwa nimelala na viatu miguuni,
nikipima moyoni kama naweza kuogelea gizani.

Basi nilipompigia mkurugenzi wa kambi ya sita,
ile inayochukua wasichana na wavulana,
bwana Whitcomb, mwenye sauti ya kikohozi,
sikumuuliza habari za mitumbwi wala mishale.
Nilimuuliza wanalala wapi.
Wasichana juu kilimani, alisema, wavulana karibu na gati,
katikati jiko, zahanati, na msimamizi aliye macho.
Wanakula ukumbi mmoja, wanaogelea pamoja.
Na wale wakubwa, wa miaka kumi na tano, kumi na sita?
Akacheka kidogo. "Hao, mama, ndio wanaotuzeesha."
Jibu hilo nililipenda kuliko vijitabu vyote saba.
Nikashusha sauti, nikauliza juu ya mtoto
anayelowesha kitanda mara mojamoja.
"Shuka tunazo nyingi," alisema,
"na watu wa kunyamaza tunao."

Nikadhani nimemaliza.

Corinne akaja na nguo za kulalia, akasoma juu ya bega langu.
"Mimi nipeleke kwenye farasi," alisema.
"Nataka mahali ambapo hakuna anayejua nikilia inakuwaje."
Théo, nyuma ya mlango, alinyamaza
kwa namna inayosikika.
Sikuwa na la kusema. Nilidhani nawachagulia wao,
kumbe bado nilikuwa nawasha tochi.

Wiki nzima fomu zilikaa juu ya friji.
Waliongea wenyewe, kila mmoja upande wake wa pazia.
Sikusikiliza. Haya, nilisikiliza,
nikaambulia minong'ono.

Jumapili nikazikuta mezani, zimejazwa kwa penseli.
Kambi ya sita. Zote mbili.
Ya Corinne ilikuwa na sharti pembeni, kwa herufi kubwa:
TIMU TOFAUTI. ASINISALIMIE KWANZA.
Na penye mstari wa mtu wa kuitwa kukiwa na dharura,
palipongoja jina langu na namba yangu,
aliandika: Théo. Yuko karibu na gati.

Sikufuta.
Nilitia jina langu chini ya lake, kwa wino,
nikavaa koti, nikashuka dukani
kununua betri.