Kabange Anapita Kusini

Sauti ya kwanza ilifika saa kumi alfajiri,
simu ikitambaa mezani kama panzi aliyevunjika mguu.
"Kyungu, pacha wangu, huku tayari ni mchana.
Niko Adelaide."
Nyuma yake tramu iligonga kengele.
Akasema jakaranda zimechanua huko,
zambarau ileile inayomwagika mbele ya posta yetu
hadi wafagiaji wa Lubumbashi wakate tamaa.
"Nilisimama chini yake nikalia kidogo.
Usimwambie Mama."

Nikamwambia Mama.

Mwezi wa pili akaenda kuchuma zabibu.
Vilima, alisema, vimesukwa mistari
kama kichwa cha mtoto anayesubiri komunyo.
Analipwa kwa ndoo. Vidole vinanata mpaka usiku.
Na kuna pishi zenye baridi ambamo divai inalala
miaka ishirini, haiguswi na mtu.
"Ishirini!" Mama akaacha kuchekecha unga.
"Munkoyo wangu siku ya tatu
tayari unagombana na kifuniko."
Nilikirekodi kicheko chake, nikakituma
bila maneno.

Kisha basi, barabara moja, mchana kutwa.
Mikaratusi pande zote mbili:
kumbe huko ndiko kwao,
nasi tulidhani ile ya njia ya Kasapa
ilizaliwa Kasapa.
Udongo mwekundu kama huu wa Katuba
unaoingia soksi, sufuria, Biblia,
ila huko hakuna mtu wa kuukanyaga.

Alipita pia mji uitwao Broken Hill.
Babu yetu, mfunga breki wa treni ya kusini,
alikuwa akirudi na mablanketi ya Broken Hill,
enzi hizo Kabwe haijaitwa Kabwe.
Tulilijua jina hilo kabla ya kujua kusoma.
Kumbe lilikuwa jina la mtumba,
lilishavaliwa na wengine,
likashuka kwetu likiwa na harufu ya kabati lao.

Halafu Coober Pedy.
Huko joto huwaingiza watu ardhini:
kanisa chini, duka la vitabu chini,
na hoteli ambayo dada yangu anatandika vitanda
ndani ya mwamba.
Wanachimba opali, jiwe lenye rangi
ya mafuta ya taa yaliyomwagika kwenye dimbwi.
Alituma picha: yeye kitandani, anacheka,
na juu yake, badala ya dari,
mikwaruzo ya mashine.

Mama alivaa miwani yake yenye mguu wa uzi.
Akatazama. Akailaza simu kifudifudi
juu ya ungo.

Huku kwetu mtu huvunja sakafu ya chumba cha kulala
atafute kobalti chini ya kitanda.
Kule huchimba apate pa kukiweka kitanda.
Hilo sikulisema.
Baba aliingia shimo la Ruashi siku ya Alhamisi,
mvua ikiwa haijaamua kunyesha.
Walituletea buti moja.
Tulizika koti lake la Jumapili,
vifungo vyote vimefungwa, Mama alivifunga mwenyewe.

Jioni ile akaniomba nimwonyeshe pa kubonyeza.
Hajawahi kurekodi sauti.
Alibana kwa dole gumba, kwa nguvu,
kama anayepima kama bukari limeiva:
"Kabange. Mimi ni mama yako.
Hiyo nyumba ina milango mingapi?"

Jibu halikuja usiku ule.
Kesho yake nilitengeneza pampu mbili,
ya tatu ikanishinda, nikamrudishia mwenyewe pesa yake.
Bomba refu la moshi la kiwanda lilisimama pale linaposimama,
bila moshi.

Saa tisa simu ikatambaa.
"Miwili, Mama. Na tundu la hewa juu.
Usiku naona nyota moja,
wakati mwingine hakuna."

Mama alisikiliza mara tatu.
Akarudi kwenye unga wake.
"Mwambie," akasema, bila kugeuka,
"kitanda akisogeze mlangoni."