Mgeni wa Dirisha la Bafu

Mama hakuiita ua. Aliiita mgeni.
Okidi, ndani ya kopo la Kimbo
lililotobolewa kwa msumari,
dirishani bafuni, Kiborloni,
upande usiopigwa jua.

"Oga taratibu," huniambia,
"mvuke ndio chai yake."
Maji ya bomba hapewi. Ya mvua,
vijiko vitatu,
Jumatano.

Mwaka wa nne, majani tu.
Jirani Eliakunda kacheka:
panda sukuma, angalau utakula.

Julai hii mlima umejifunika wiki nzima.
Mama yuko KCMC.
Naoga mara mbili kwa siku.

Leo mzizi mmoja umechungulia koponi,
mwembamba, ncha ya kijani,
umeshika nondo ya dirisha
kama mtu anayeshuka ngazi gizani.