Jokofu Lilishika Sauti ya Pili

Nyimbo tisa, dakika thelathini na moja.
Orrin Thibodeau alizirekodi jikoni kwa mamake,
kaskazini kabisa mwa Maine, mwezi Machi,
theluji imeshachoka kuwa nyeupe.

Mashine ya kaseti yenye njia nne.
Kipaza sauti kimefungwa kwa selotepu kwenye mpini wa ufagio.
Gitaa la babu yake, aliyelipiga harusini
akiimba kwa Kifaransa cha watu wa mtoni,
lugha ambayo Orrin huielewa ikisemwa
ila kuijibu hawezi.

Wimbo wa kwanza unaanza kwa kosa:
kidole kinateleza, anaguna, anaendelea.
Aliurudia mara kumi na moja, safi,
na zile safi zote akazifuta.
Shati la kuazima, aliniambia,
hata likipigwa pasi halikukai.

Jokofu nalo limo. Tega sikio:
wimbo wa pili ukielekea wa tatu linaanza kunguruma,
naye, badala ya kusimama,
analegeza nyuzi mpaka zipatane nalo.
Basi albamu nzima imeimbwa katika ufunguo
wa jokofu linalonizidi umri.

Ngoma hakuna.
Najua, maana mpiga ngoma ni mimi.
Miaka sita tulipiga pamoja, katika mabaa,
katika ukumbi wa wazima moto,
na safari hii hakuniita.
Nilinunua kaseti yangu dukani, kwa bei ya watu wote,
nikaisikiliza kwa kinyongo, nikihesabu mapengo
ambayo ningeyajaza.

Mpaka wimbo wa saba.
Hapo, juu ya dari, kuna hatua.
Nzito, nyepesi. Nzito, nyepesi.
Ni Fernande, mamake, na nyonga yake mbovu,
asiyelala tangu mume aondoke na trela,
akitembea kutoka dirishani hadi mlangoni.
Orrin anamsubiri. Kila ubeti unaingia
mguu ule mzito unapotua.

Kimya kingi kina mshindo;
hiki kilikuwa na visigino.
Nikaelewa: nafasi yangu ilikuwa na mwenyewe.

Leo nimeisikiliza mara nne ndani ya pikapu,
nje ya ghala la viazi, hita ikinuka vumbi.
Wimbo wa mwisho unakwisha, hazimi mashine.
Jokofu linanyamaza.
Juu, hatua zinafika kitandani,
kitanda kinalia mara moja.

Vidole vyangu, juu ya usukani, bado vinapiga.
Vimechelewa kidogo,
kama alivyozoea kunilalamikia.