Saa Moja ya Maji

Basi la kutoka Huelva lilinitema saa nane mchana,
mimi, begi langu, na boksi la vifaranga
ambalo mwenyewe hakuja kulipokea.
Mji ulikuwa umefunga madirisha, umelala.
Mbwa wa kituo cha mafuta alifumbua jicho moja,
akaona si kitu, akalifumba.

Nikateremka na mtaa wa mawe hadi mtoni.
Kuta za chokaa nyeupe hadi zinauma macho,
mrehani kwenye makopo ya rangi,
na Guadiana, maji ya rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni.
Ng'ambo, umbali wa kuitana kwa mdomo,
ni Ureno. Na Ureno ilikuwa bado saa saba.

"Ukitaka kula chakula cha mchana mara mbili, vuka,"
alisema Práxedes, mwenye nyumba ya wageni.
Nikajaribu kumweleza kwamba nimelelewa na saa nyingine,
inayoanza kuhesabu jua likichomoza;
kwamba mshale ukigusa mbili, mimi nasoma nane.
Akamimina mafuta ya zeituni juu ya mkate.
"Basi wewe," akasema, "ulizaliwa mpakani."

Dukani kwa Eleuterio nilinunua kwa kidole.
Biringani: *berenjena*.
Sukari: *azúcar*, na ile r ya mwisho akaimeza.
Zafarani: *azafrán*.
Kila neno binamu aliyehamia mbali,
kabadili mavazi, pua ileile.
Nikamwambia, kesho inshallah.
Akanijibu, *ojalá*.
Tukacheka, kila mmoja akidhani ndiye aliyeeleweka.

Lakini nilitaka kusema habari ya shuka.

Kila asubuhi Práxedes hupanda juu ya paa
kuanika shuka moja, hata kama ni safi.
Na kule ng'ambo, dakika ileile,
au saa nzima nyuma, chagua mwenyewe,
mwanamke mdogo kama punje huanika yake.
Ni Casilda, dada mtu.
Aliolewa na fundi viatu Mreno mwaka wa mafuriko,
kisha wakagombea mizeituni kumi na mmoja ya baba yao.
Miaka ishirini na sita hawajatamkiana neno.

"Na shuka?" niliuliza.
"Shuka si neno."

Usiku ule nilitaka kumwandikia mama kadi
kwa mizani aliyonifundisha akichambua mchele.
Ulitoka ubeti mmoja tu:

    Mto huu si mpana, jiwe laweza kuvuka,
    Ndugu hawajaonana, ila huonana shuka,
    Saa zao zapishana, kila siku zikifika,
    Na neno lililozuka, hakuna wa kulikana.

Sikuituma. Niliona haya,
kuwafungia watu wazima wawili ndani ya vina
kama wale vifaranga ndani ya boksi.

Asubuhi ya nne, paa la ng'ambo lilikuwa tupu.
Práxedes alisimama na kibanio mdomoni,
shuka yake tayari inapigwa na upepo.
Ikawa saa tatu. Ikawa tatu na nusu.
"Kule bado ni mapema," nilisema. "Labda wamelala."
Akaitikia kwa kichwa, haraka,
kama mtu aliyekopeshwa fedha na mgeni.

Ilipogonga kengele ya kanisa la kwetu mara kumi,
tukasikiliza ya ng'ambo ikigonga tisa.
Kamba ya Casilda haikuwa na kitu.
Chini, dereva wa basi langu alikuwa anapiga honi.
Práxedes akakitoa kibanio mdomoni, akakishika tu.

"Na kwenu," aliuliza bila kugeuka, "sasa hivi ni saa ngapi?"
Nikahesabu vidole. "Saa tano."
"Hiyo iko mbele," akasema.
"Mimi natafuta mahali
ambako bado ni mapema zaidi."